Kabla Hujakata Tiketi ya Rishikesh: Mto Mara Nao Una Wenyewe

Wadau, ile picha mmeshaiona. Mtu kakaa mkao wa yoga juu ya jiwe, nguo nyeupe, macho kafumba, nyuma yake mto wa kijani na milima. Chini kaandika maneno mawili matatu ya amani ya moyo. Lokesheni: Rishikesh, India. Siku hizi hata Bongo ukimuuliza mtu safari ya ndoto yake, kama siyo Dubai atakutajia huko, anataka kwenda "kujitafuta".

Sina ugomvi na Rishikesh. Ni mji wenye historia nzito na tutaanza nao. Ila leo nataka tukimaliza huko turudi nyumbani, mkoani Mara, kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Kuna mto pale tunaujua kwa nyumbu na mamba tu, wakati watu wa pande zile wamekuwa na mambo ya kiroho na ardhi ya bonde lake kabla hata neno "utalii" halijaingia kwenye Kiswahili. Na stori yake inauma kidogo.

TUANZE NA WAHINDI

Rishikesh upo jimbo la Uttarakhand, pale Mto Ganga unapotoka kwenye milima ya Himalaya na kuanza kuingia tambarare. Kwa Wahindu, Ganga ni mama na mungu wa kike. Ndani ya mji nyama na pombe vimepigwa marufuku. Kila jioni watu wanakusanyika ngazi za mtoni, sehemu inaitwa Triveni Ghat, wanafanya ibada ya taa, wanaachia vikapu vya majani vyenye maua na moto vielee juu ya maji.

Dunia nzima iliujua mji huu Februari 1968. Bendi ya Beatles, wakati ule hakuna kundi kubwa kama wao duniani, walienda kukaa kwa mwalimu wao wa tahajudi, Maharishi Mahesh Yogi. Mpiga ngoma wao hakumaliza hata wiki mbili, chakula kilimshinda. Waliobaki waliendelea kwa wiki kadhaa wakitunga nyimbo, nyingi zikaingia kwenye albamu yao ya mwaka ule ule, ile yenye kava jeupe. Baada ya hapo vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kumiminika.

Sasa sikiliza kilichokuja kutokea kwa ile ashram waliyokaa. Ardhi ilikuwa ya serikali, chini ya idara ya misitu. Ikarudi kwa mwenyewe, majengo yakaachwa, miti ikaota ndani ya vyumba. Mwaka 2015 wakaifungua tena kwa wageni. Leo ipo ndani ya hifadhi ya chui milia ya Rajaji, na ukitaka kuingia unalipa kiingilio getini.

Shikilia hiyo ya getini. Tutakutana nayo Serengeti.

MTO WENYEWE

Mto Mara unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya. Unapita Maasai Mara, unavuka mpaka, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kaskazini kabisa, kisha unaendelea kuelekea magharibi, Tarime ikiwa upande wake wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini. Ukishafika chini unatanuka kuwa bonde oevu kubwa lenye mafunjo, unapita chini ya Daraja la Kirumi kwenye barabara ya Musoma kwenda Sirari, halafu unamwaga Ziwa Victoria. Safari nzima ni kama kilomita 395.

Kwa wanyama, huu mto ni uhai wenyewe. Wakati wa kiangazi mito mingine ya Serengeti inakauka, Mara unaendelea. Ndiyo maana nyumbu zaidi ya milioni moja wanahangaika kuufikia, wanavuka pale Kogatende kuanzia kama Julai, na wengi hawatoki. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hivi wanakufa maji kwenye mto huu kila mwaka, mizoga yao inalisha samaki, ndege na mamba.

Kwa watu je? Upande wa Tarime ni Wakurya, ambao pia wapo wengi wilaya ya Serengeti. Kusini mwa mto kuna Wangoreme, Wanata, Waisenye na Waikoma. Watu wakisikia Mara akili inaenda kwenye ugomvi wa ng'ombe na ukali wa Wakurya. Wachache wanajua kwamba makabila haya yaliichora ardhi yao yote kwa sehemu za kiroho, kama vile mtu anavyoweka alama kwenye ramani ya simu.

MISAMBWA NI NINI?

Kwa lugha za pande zile, moja inaitwa erisambwa, nyingi emisambwa. Siku hizi ukisema misambwa unaeleweka. Neno hili lina maana mbili kwa mpigo. Ni roho za wahenga, hasa wale walioanzisha ukoo au waliokuwa manabii na watu wa mvua. Na ni mahali roho hizo zinapokaa: chemchemi, kilima, pango, mti mkubwa, kichaka ambacho hakijaguswa.

Hapakuwa na jengo. Hakuna mnara, hakuna kuba. Ukipita bila kuambiwa unaona chemchemi tu na miti. Aliyekulia pale ndiye anajua kwamba hapo hukati kuni, huchomi moto, hupigi kelele, na ukimkuta nyoka unamwachia njia. Kila sehemu ina ukoo unaohusika nayo. Mvua ikigoma au ugonjwa ukiingia, wazee wa ukoo huo ndio wanakwenda, wanapeleka sadaka, wanasema na wakubwa zao.

Hebu fikiria faida yake kwa macho ya leo. Chemchemi ambayo haikatwi miti haikauki. Kilima ambacho hakilimwi hakimomonyoki mpaka mtoni. Wazee hawakuhitaji semina ya mazingira kwa sababu mwiko ulikuwa unafanya kazi hiyo. Anayevunja alijua ameugusa ukoo mzima, waliokufa na walio hai.

Kulikuwa pia na kuizunguka nchi. Makabila haya yana mfumo wa marika. Kwa Wakurya, mtu anazaliwa moja kwa moja kwenye rika, ama upande wa Saai ama upande wa Chuma. Kila upande una majina manne yanayozunguka kizazi hadi kizazi, kwa hiyo jina la rika la babu wa babu yako ndilo linarudi kwako. Kwa jirani zao wa kusini, rika lililoshika uongozi lilikuwa na jukumu la kutembea kuizunguka ardhi yote na kuiwekea dawa ya kinga, inaitwa orokoba. Wahindu nao wana hija ya namna hiyo, ya kutembea kuuzunguka mto mzima kwa miguu. Sehemu mbili za dunia ambazo hazikuwahi kusalimiana, zimefika kwenye wazo lile lile: ardhi unailinda kwa kuitembelea.

Waikoma wana jambo lao la pekee. Erisambwa yao kubwa siyo mahali, ni meno ya tembo. Yanaitwa Machaba. Simulizi zao zinasema waliyapata kwa maelekezo ya nabii wa Kitatoga, enzi za shida, wakati jamii inatafuta njia ya kusimama tena. Tangu hapo ndiyo kinga yao, yanatunzwa na wazee, na tambiko lake linakusanya kabila zima. Waikoma walikuwa wawindaji hodari, waliishi na tembo mlango kwa mlango, halafu kitu chao kitakatifu kuliko vyote kikawa ni sehemu ya mwili wa tembo. Mbali na hapo wanasimulia pia kwamba asili yao ni Sonjo, huko Loliondo, ambako kuna nabii mkubwa wa zamani anayeitwa Khambageu.

Jina hilo linakukumbusha mtu? Vuka mpaka wa wilaya uende Butiama kwa Wazanaki. Aprili 1922 alizaliwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito, siku ambayo inasemekana mvua ilinyesha kweli kweli. Akapewa jina Kambarage, jina la roho ya mvua. Ubatizo na jina la Julius vilikuja Desemba 1943, akiwa mtu mzima wa miaka 21. Kwa hiyo ule uwanja wa mpira wa Shinyanga, zile barabara, zile shule, kila unapotamka Kambarage unataja misambwa ya mkoa wa Mara bila kujua. Na pale Mwitongo, nyumbani kwa familia, kuna msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanaamini una roho yake inayoulinda.

KWA HIYO ILIKUWAJE TUKASAHAU?

Hapa ndipo stori inapogeuka.

Miaka ya 1880 na 1890 ilikuwa mibaya sana kwa upande ule. Ilikuja sotoka, ugonjwa wa mifugo ambao mwanzoni mwa miaka ya 1890 uliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na nyati na nyumbu pia. Ikaja ndui. Ikaja njaa. Na kabla na wakati wa hayo yote kulikuwa na uvamizi wa Wamasai. Vijiji vikavunjika, watu wakakimbilia magharibi kwa jamaa zao karibu na ziwa. Waisenye wanapakumbuka Nyeberekera, makazi yao ya zamani huko nyikani, kama mahali walipotawanyikia. Mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakazuia watu kurudi.

Wajerumani wakaja wakajenga boma lao Ikoma. Baada ya vita ya kwanza wakaja Waingereza. Wazungu hawa, pamoja na wawindaji waliofika miaka ile, walikuta nini? Walikuta nyika yenye wanyama wengi na watu wachache. Wakaandika kwamba ni pori halisi, halijawahi kuguswa na mtu. Hawakujua wanatazama nchi ambayo wenyewe walikuwa wametoka kuugua.

Kosa hilo la kusoma ramani ndilo lililoandika historia iliyofuata. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ikapangwa upya: Ngorongoro ikatengwa, Wamasai wakatakiwa kuondoka ndani ya Serengeti, na hifadhi ikaongezwa kaskazini mpaka mpaka wa Kenya. Mwaka huo huo Wajerumani wawili, baba na mwana, walikuwa wametengeneza filamu kuhusu Serengeti isiyopaswa kufa, ikaja kushinda Oscar mwaka 1960. Ndani ya filamu zile mhusika mkuu ni mnyama. Miaka ya 1960 ukaongezwa na upande wa Lamai, kaskazini mwa Mto Mara. Mwaka 1974 ikapita operesheni ya vijiji, familia zilizokuwa zimetawanyika kila moja kwenye ardhi ya ukoo zikasogezwa pamoja. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti.

Weka hayo yote juu ya ile ramani ya misambwa. Mzee wa Kiisenye ambaye chemchemi ya wahenga wake ipo ndani ya mpaka hana ruhusa ya kwenda kwa miguu kuomba mvua. Akikutwa ndani bila kibali ataitwa jangili. Mgeni aliyelipia anapita karibu na kilima kile kile ndani ya gari la wazi, anapiga picha ya simba, anaondoka. Dereva wake hajui jina la kilima. Pale Rishikesh geti limewekwa kwenye jengo ambalo wageni walikaa wiki kadhaa mwaka 1968, na kila mgeni anasimuliwa. Huku geti limewekwa kwenye sehemu watu walizoombea kwa vizazi, na hakuna kibao.

Tusidanganyane, hifadhi imefanya kazi kubwa. Bila mpaka ule leo tusingekuwa na nyumbu wa kuwaonyesha wageni, na mkoa ungekosa hela na ajira. Ninachosema ni kwamba waliochora mpaka waliwaona wanyama, wakaiona mito, wakaiona milima. Waliokuwa wanatunza vitu hivyo hawakuwaona.

NA WAZEE NAO TUSIWAPAMBE SANA

Najua kuna wanaosema: kwani mila zote ni nzuri? Hapana. Tarime na Serengeti ndiko ambako kila msimu wa jando, hasa Desemba, wasichana wanakimbia makwao kuogopa kukeketwa, wanajaa kwenye nyumba za hifadhi Tarime na Mugumu. Sheria imekataza kukeketa mabinti walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Bado inafanyika, na wanaotangaza msimu ni wazee wa mila, kwa Wakurya baraza lao linaitwa inchama. Mamlaka yale yale yanayoweza kusema "mti huu haukatwi" ndiyo yanayosema "binti huyu atakatwa".

Hilo ni jambo la kupigana nalo bila kumung'unya. Lakini angalia tulivyofanya sisi. Mila ya kuumiza mtu imebaki na nguvu mpaka leo, ile ya kulinda chemchemi ndiyo imekufa. Tumetupa kilichofaa tukabaki na kisichofaa.

MAJI YALIPOANZA KUSEMA

Mto usio na mwenyewe unajulikana kwa maji yake.

Upande wa Tarime, Nyamongo, karibu kabisa na mto, kuna dhahabu. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi yakaingia Mto Tigithe, ambao unamwaga Mara. Wananchi walisema wamepoteza mifugo na watu wameugua, mgodi ukakubali kwamba maji yalivuja lakini ukabishana kuhusu madhara. Mabishano hayo yakaendelea miaka.

Halafu Machi 2022. Hii mnaikumbuka, mlikuwa mtandaoni. Maji ya Mto Mara upande wa chini yakageuka meusi, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikachunguza ikarudi na majibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza hewa ndani ya maji. Siku ile mitandao ililipuka kwa vichekesho. Kila mtu alikuwa na picha ya ng'ombe. Tulicheka wiki nzima, halafu tukahamia kwenye mada nyingine, na watu wa kando ya mto wakabaki na maji yao.

Kwa nini jambo lile liligeuka kichekesho? Jibu langu ni kwamba Watanzania wengi hatuna uhusiano wowote na ule mto. Ni kitu cha kwenye kalenda ya utalii. Tangu 2012 Kenya na Tanzania zinaadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15, kuna hotuba na kupanda miti, na ni jambo jema. Lakini jiulize: enzi za misambwa, maji ya ukoo yakigeuka meusi, kuna mtu angecheka?

Na wala utakatifu peke yake hauoshi maji. Ganga anaabudiwa na mamia ya mamilioni ya watu, na huko chini kwenye miji mikubwa ni miongoni mwa mito michafu duniani. Machi 2017 mahakama kuu ya Uttarakhand ilitangaza Ganga ni kiumbe hai mwenye haki kama mtu. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ya India ikasimamisha uamuzi ule, maana swali la nani anawajibika kwa niaba ya mto lilikuwa gumu. Mwezi ule ule wa Machi, New Zealand walipitisha sheria inayofanana na hiyo kwa Mto Whanganui, wakaweka wasimamizi wawili wa kuusemea: mmoja kutoka kwa Wamaori wa mto ule, mwingine kutoka serikalini. Ile imesimama mpaka leo. Ukiangalia utaona tofauti: wa Whanganui una watu wanaotajwa kuwa ndio wenyewe, na wana pa kukaa mezani.

MAJI YA MARA YANAENDA WAPI?

Yanaingia Ziwa Victoria. Na ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapoanza safari kwenda Misri.

Pale Jinja ndipo Mto Mara na mito ya India vinakutana kwa namna ya ajabu. Gandhi alipouawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa yakamwagwa sehemu nyingi, na sehemu moja ililetwa Jinja ikamwagwa kwenye chanzo cha Nile. Mwaka 1997 waziri mkuu wa India akaja kuzindua sanamu yake pale. Mpaka leo Wahindi wa Afrika Mashariki wanaenda kupaheshimu. Nile kwa siku ile ikawa ndugu wa Ganga.

Kilomita chache tu chini ya pale kulikuwa na maporomoko ya Bujagali. Kwa Wasoga, yalikuwa makazi ya roho inayoitwa Budhagali, yenye mtu wake anayeisemea, ambaye jina la roho linapita kwake kutoka kizazi hadi kizazi. Serikali ilipotaka kujenga bwawa la umeme la megawati 250, suala likaja mezani: roho inahamishwaje? Yakafanyika matambiko ya kuihamisha, yakiwa sehemu ya mradi. Mwenye jina lake akasema hapana, roho haijahama na wala haihamishwi. Bwawa likakamilika mwaka 2012, maporomoko yakazama.

Unaweza kuwa upande wa umeme, na Uganda iliuhitaji kweli. Unaweza kuwa upande wa yule mzee. Ila tambua kitu kimoja: pale Jinja angalau waliulizwa. Iliandikwa kwenye makaratasi ya mradi kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Serengeti mwaka 1951 hakuna aliyeuliza.

UKITAKA KWENDA

Kwa hiyo kama umepanga "kujitafuta", nauli ya kwenda Mugumu haifiki hata robo ya ile ya India. Kutoka Mwanza unapanda basi, unaamua ushukie Musoma, Tarime au Mugumu. Anzia Butiama: makumbusho ya Mwalimu yapo, na msitu wa Muhunda upo pale pale Mwitongo. Simama Daraja la Kirumi uone jinsi mto unavyoishia, maana wengi wanauona Kogatende tu kwenye nyumbu. Kisha nenda vijiji vya Waikoma na Wanata kandokando ya hifadhi.

Huko usiende na kamera mkononi. Pita ofisi ya kijiji, jitambulishe, sema umekuja kujifunza, uliza wazee wanaohusika ni akina nani. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Wakikuambia sehemu fulani huingii, huingii, hata kama ingekupa picha ya mwaka. Wakikuambia usirekodi, zima simu. Na ukifika kwenye chemchemi usichume chochote.

Kitu kikubwa utakachoweza kufanya pale ni kusikiliza majina. Kilima hiki kinaitwaje, chemchemi hii ya ukoo gani, nani alikuwa anakuja hapa mvua ikigoma. Wanaoyajua ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Wajukuu zao wapo Mwanza, wapo Dar, wapo hapa wanasoma hii stori. Kama wewe ni mmoja wao, una namba ya babu au bibi kwenye simu yako. Mpigie wikendi hii umuulize misambwa ya kwenu ilikuwa wapi, na anayeshughulika nayo sasa hivi ni nani.